Programu Imegoma Kufunguka? Usikimbilie Kuifuta

Unabofya ikoni mara mbili. Kiduara cha kusubiri kinazunguka sekunde mbili tatu, kinapotea, kisha kimya. Unabofya tena: kimya. Unabofya mara sita kwa hasira na kompyuta inakutazama tu. Wengi wakifika hapo huifuta programu na kuisakinisha upya, na mara nyingi inarudi na ugonjwa wake uleule. Kufuta programu kwa kawaida huondoa mafaili yake makuu tu na kuacha folda ya mipangilio. Kama ubovu uko humo, umefagia sebule na kuacha taka chini ya jamvi.

Mimi kusakinisha upya nakuweka mwisho kabisa. Programu inapogoma huacha alama mahali fulani, na ni bora kuitafuta alama hiyo kabla ya kuanza kubomoa. Hapa nazungumzia Windows 10 na 11. Mwenye Mac nimemwekea neno lake mbele kidogo. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipate taabu kuyatafuta.

1. Imegoma hii moja, au zimegoma zote?

Kabla hujagusa chochote, fungua programu nyingine mbili tatu: Notepad, Calculator, kivinjari. Zikifunguka vizuri, mgonjwa ni yule mmoja. Zikigoma nazo, au zikichukua dakika nzima kufunguka, achana na programu yako kwa sasa na uruke hadi hatua ya 8, maana hapo mwenye shida ni mfumo au diski.

Kisha jiulize: mara ya mwisho ilifunguka lini, na nini kimebadilika tangu siku hiyo? Kila ninayemuuliza hunijibu "hakuna kilichobadilika". Ukimdodosa unagundua Windows ilijisasisha usiku, au aliweka antivirusi mpya, au alichomoa skrini ya pili. Ukienda Settings, Windows Update (kwenye Windows 10 pitia kwanza Update & Security), kisha Update history, utaona sasisho zote na tarehe zake. Zilinganishe na siku mgomo ulipoanza.

2. Hakikisha kweli haijafunguka

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likitokea, nenda sehemu ya Details utafute faili la programu yako, lile linaloishia na .exe. Ukilikuta, basi programu ilishaanza zamani. Programu nyingi zimeundwa ili nakala moja tu iwe hai kwa wakati mmoja. Nakala ya kwanza ikikwama nyuma ya pazia, kila unapobofya nakala mpya inachungulia, inamkuta mwenzake, inajizima bila kusema neno. Chagua jina hilo, bofya End task, rudia mpaka yaishe yote, halafu ifungue upya.

Kuna aina nyingine ya kufunguka bila kuonekana, na hii ilinipotezea saa nzima. Niliitwa kutazama programu ya kuhariri picha ambayo "imekufa". Nikasoma kumbukumbu za makosa, nikajaribu hiki na kile, nikakaribia kuifuta. Ndipo nikapitisha kipanya juu ya ikoni yake kule chini kwenye upau (taskbar), na kidirisha kidogo cha onyesho kikatokea, picha zote zimo ndani. Programu ilikuwa imefunguka barabara, ila kwenye skrini ya pili, na skrini ya pili ilikuwa imechomolewa wiki iliyopita. Ilikuwa ikikumbuka mahali ilipofungwa mara ya mwisho na kurudi pale pale, hewani.

Likikukuta hili, bofya ikoni ya programu kwenye upau mara moja ili iwe ndiyo iliyochaguliwa. Bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wowote mara moja. Sasa sogeza kipanya bila kubofya: dirisha litakuwa limeng'ang'ania kishale na utaliburuta mpaka mbele ya macho. Programu nyingine haziitikii mbinu hiyo. Kwa hizo jaribu kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kushoto au kulia.

3. Chagua Restart, si Shut down

Ushauri wa "zima uwashe" kila mtu anaujua. Wasichojua wengi ni kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukichagua Shut down kompyuta haizimiki yote: kiini cha mfumo pamoja na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile asubuhi. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka leo bado imechanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza mambo upya kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeshaizima mara tatu", mwambie achague Restart mara moja.

4. Fuata njia ya mkato hadi kwenye faili lenyewe

Ikoni iliyoko kwenye skrini kuu ni njia ya mkato tu. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location, uone inakokupeleka. Kuna mambo matatu ninayoyakuta huko.

Faili halipo. Aidha folda ilihamishwa, au antivirusi imelikamata. Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, kisha Protection history. Ukilikuta hapo, usikimbilie kulirudisha. Jiulize ulilipata wapi. Kama lilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe, unaweza kulirudisha. Kama lilitoka kwenye tovuti inayogawa bure programu za kulipia, antivirusi imekufanyia hisani. Ukiwa hapo hapo, tazama kama Controlled folder access imewashwa. Huzuia programu zisiandike kwenye folda kama Documents, na kuna michezo isiyoanza kabisa isipopata ruhusa hiyo.

Au faili bado limo ndani ya zipu. Windows hukuonyesha zipu kama folda ya kawaida, mtu akabofya .exe humo humo, nayo ikatoka peke yake bila mafaili wenzake inayoyategemea. Kwanza bofya zipu yenyewe kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, na kama chini kuna kisanduku cha Unblock kiwekee alama, ilimradi unakiamini chanzo. Ndipo uchague Extract All.

Au faili lipo na ni zima. Libofye kwa kitufe cha kulia uchague Run as administrator. Likifunguka, umejua kwamba shida ni ruhusa: kuna folda ambayo programu hairuhusiwi kuandika. Lichukue kama kipimo tu, usilifanye desturi ya kila siku, maana programu yenye mamlaka yote ikikosea inakosea kwa mamlaka yote.

5. Ujumbe ukitokea, usome. Wote.

Watu huufunga ujumbe wa kosa kabla hata macho hayajatua. Bora uuhifadhi: kisanduku cha ujumbe kikiwa mbele yako, bonyeza Ctrl+C, kisha Ctrl+V kwenye Notepad. Kwa visanduku vingi vya Windows maandishi yote yatanakiliwa, msimbo wa kosa ukiwemo, bila kuandika tarakimu moja moja kwa mkono.

Ujumbe ninaokutana nao zaidi ni ule wa kwamba faili kama VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll halipatikani. Hizo ni maktaba za Microsoft (DLL), yaani mafaili ya amri za pamoja ambayo programu nyingi huyategemea. Dawa yake ni kifurushi cha Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft. Cha karibuni kinahudumia programu zilizotengenezwa kwa toleo la 2015 na yaliyofuata. Kwenye kompyuta ya biti 64 sakinisha vyote viwili, x64 (cha biti 64) na x86 (cha biti 32), kwa sababu programu ya biti 32 haiwezi kutumia maktaba ya biti 64.

Usitafute faili hilo moja kwenye tovuti zinazogawa DLL. Nilishawahi kufanya ujinga huo. Nikapakua DLL ya biti 32, nikaitumbukiza kwenye System32 kwa kuwa jina lilinishawishi kwamba ndipo pake, na programu yangu ilikuwa ya biti 64. Ujumbe ukabadilika, badala ya "halipatikani" ukawa 0xc000007b. Kumbe kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na za biti 32 zinakaa kwenye folda iitwayo SysWOW64. Naam, majina yamekaa kinyume. Nilichokipata kwa jitihada zangu ni maktaba ya mtu nisiyemjua, tena mahali pasipo pake.

Huo 0xc000007b, basi, aghalabu humaanisha biti 32 na 64 zimechanganywa. Tena dawa ni Visual C++ zote mbili. 0xc0000135 maana yake kuna maktaba haikupatikana, na kwa programu za zamani mara nyingi ni .NET Framework 3.5, ambayo unaiwasha kwenye Turn Windows features on or off. 0xc0000142 ni maktaba iliyopatikana ila ikashindwa kuanza. Hapo anza na Restart. Ukiona 0xc000001d, programu imeitisha amri ambayo prosesa yako haiijui. Huwapata wenye prosesa za zamani wanapoweka programu mpya, na hakuna mpangilio utakaolitibu: tafuta toleo la zamani la programu hiyo.

6. Ikigoma kimyakimya, nenda kwenye kumbukumbu

Bonyeza kitufe cha Windows, andika reliability, ufungue View reliability history. Utaona kalenda yenye duara jekundu na alama ya X kila siku palipotokea ajali. Bofya siku ya leo, tafuta jina la programu yako chini, kisha bofya View technical details.

Hapo macho yako yatafute mstari mmoja: Fault Module Name, yaani kipande kilichokuwa mikononi ajali ilipotokea. Kikiwa ni faili la programu yenyewe, ubovu huenda uko ndani yake au kwenye mipangilio yake. Kikiwa nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya kadi ya picha ya NVIDIA. Sasisha draiva kabla hujaigusa programu. Kikiwa na jina la antivirusi yako, au la kiongezi (add-in) ulichokiweka mwezi uliopita, umempata mshukiwa. Lakini ukiona ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usikimbilie kuishtaki Windows. Karibu kila programu hupitia mlango huo, na aliyeangukia mlangoni si lazima awe amesukumwa na mlango.

Chini yake kuna Exception Code. Utakaokutana nao sana ni 0xc0000005: programu imegusa eneo la kumbukumbu ya kompyuta (RAM) lisilo lake. Sababu ni nyingi mno kiasi kwamba msimbo peke yake haukusaidii. Jina la kipande ndilo lenye habari.

Kama kalenda haina kitu, huenda programu haikuanguka. Mara nyingi imejizima yenyewe kwa hiari, ikiwa na sababu isiyokuambia. Fungua Command Prompt, buruta faili la .exe uliangushe ndani ya dirisha hilo jeusi, njia yake itajiandika, bonyeza Enter. Baadhi ya programu hutapika hapo sababu ambayo kwa kubofya ikoni usingeiona kamwe. Tazama pia kama ndani ya folda yake kuna faili linaloishia na .log, usome mistari ya mwisho.

7. Mipangilio iliyoharibika

Hii ndiyo sababu ninayoikuta kuliko zote kwa programu iliyokuwa nzima jana na leo imegoma bila sababu. Umeme ulikatika wakati inaandika mipangilio yake, faili likabaki nusu, na kila ikiamka inalisoma hilo nusu na kuzimia.

Kipimo chake ni rahisi. Nenda Settings, Accounts, Other users (kwenye Windows 10 ni Family & other users), ufungue akaunti ya majaribio, uingie humo, uifungue programu. Ikifunguka kule na kugoma kwako, programu ni nzima na Windows ni nzima. Kilichoharibika ni mipangilio yako wewe, na kusakinisha upya pengine kusingesaidia chochote.

Rudi kwenye akaunti yako. Hakikisha programu imefungwa kabisa kwenye Task Manager. Bonyeza Windows+R, andika %appdata%, bonyeza Enter, utafute folda yenye jina la programu au la mtengenezaji. Usipoiona, jaribu %localappdata%. Ukiipata, ibadilishe jina, kwa mfano uongeze "-zamani" mwishoni. Fungua programu: haitaikuta folda yake, itajitengenezea mpya, na itaanza kama siku ya kwanza.

Nimesema ubadilishe jina, usiifute. Programu nyingine huweka humo mali yako halisi. Thunderbird, kwa mfano, huhifadhi barua zako katika folda hiyo hiyo. Ukiifuta umefuta na barua. Ukiwa umebadilisha jina tu, unaweza kurejesha vitu kimoja kimoja.

Kwa programu zenye viongezi kuna njia fupi ya kujaribu kwanza. Shikilia Ctrl unapofungua Word au Excel, itakuuliza kama unataka hali salama (Safe Mode), yaani kufunguka bila viongezi. Firefox ni kushikilia Shift. Zikifunguka hivyo, kiongezi fulani ndicho mkorofi. Vizime vyote, uwashe kimoja baada ya kingine.

8. Mfumo wenyewe ukiwa mgonjwa

Anza na vitu vya kipuuzi, maana ndivyo vinavyosahaulika. Diski C ina nafasi kiasi gani? Programu nyingi huandika mafaili ya muda zinapoamka, na diski iliyojaa pomoni haina pa kuyaweka. Tazama Settings, System, Storage. Saa na tarehe je, ni sahihi? Programu inayokagua leseni au cheti cha usalama itagoma ikiambiwa leo ni miaka kadhaa iliyopita. Saa ikirudi nyuma kila unapochomoa umeme, betri ndogo ya kwenye ubao mkuu imekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni ile bapa ya CR2032.

Kisha kagua mafaili ya Windows. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika amri hizi moja baada ya nyingine, ukisubiri ya kwanza imalize:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza hutengeneza ghala la vipuri, na kwa kawaida huhitaji intaneti. Ya pili hutumia vipuri hivyo kuziba mafaili yaliyoharibika. Zinaweza kuonekana zimekwama kwenye asilimia fulani kwa muda mrefu. Ziache.

Kama kila kitu kinafunguka polepole mno na Task Manager inaonyesha Disk ikiwa asilimia 100 muda wote hata usipofanya kazi, hofia diski inakufa. Acha ufundi. Nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, mengine baadaye.

Ukishuku programu mbili zinapigana, andika msconfig kwenye Windows+R, nenda Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services (usiiruke hii), kisha Disable all. Kwenye Task Manager zima pia vile vinavyojiwasha vyenyewe, halafu Restart. Programu ikifunguka, washa nusu ya huduma ulizozizima, ujaribu tena; ikigoma mkorofi yumo katika nusu hiyo, isipogoma yumo katika nusu iliyobaki. Endelea kugawa hivyo. Huduma 32 unazimaliza kwa raundi tano.

9. Labda zama zake zimepita

Programu za biti 16, zile za enzi za Windows 3.1, hazifunguki kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Za enzi za XP au 7 zina matumaini: bofya kulia, Properties, Compatibility, uchague toleo la zamani. Kinyume chake pia kipo. Chrome toleo la 109 ndilo la mwisho lililokubali Windows 7, na matoleo ya baadaye hayasakiniki humo. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo watengenezaji wataanza kuipa mgongo kidogo kidogo.

Kwa Mac: tangu Catalina ya mwaka 2019 programu za biti 32 hazifunguki kabisa, na hakuna mpangilio wa kuzirudisha. Iliyokwama nyuma ya pazia unaiua kwa Option+Command+Esc.

10. Sasa unaweza kuisakinisha upya

Kwanza tazama kama kuna Repair: Settings, Apps, chagua programu, kisha Modify au Advanced options. Kitufe cha Reset kilicho jirani yake hufuta data za programu, usivichanganye. Isipokubali, ifute, badilisha jina la folda zake za %appdata% na %localappdata% kama tulivyoona, fanya Restart, ndipo uweke nakala mpya iliyotoka kwa mtengenezaji. Usitumie ile ya miaka mitatu iliyopita uliyoihifadhi kwenye Downloads.

Ikigoma hata hapo, uliza anayeijua, lakini usiende mikono mitupu na "haifunguki". Andika winver kwenye Windows+R upate toleo kamili la Windows yako. Ongeza toleo la programu, ujumbe ulionakili kwa Ctrl+C, jina la Fault Module, na jibu la kipimo cha akaunti ya majaribio. Kabla ya kutuma, pitia maandishi hayo uondoe jina lako, maana njia ya faili kama C:\Users huja na jina la akaunti yako nyuma yake.